Ladakh: Maji Yanayochelewa Shambani

Leh, mji mkubwa zaidi wa Ladakh kaskazini kabisa mwa India, uko kwenye kimo cha mita 3,500 hivi, na kwa mwaka mzima hupata mvua ya milimita 100 tu. Hata hivyo mabonde yake huota shayiri, kwa kuwa wakulima wamechimba mifereji inayoyapokea maji ya theluji na barafu milimani na kuyapitisha kando ya miteremko hadi kwenye matuta ya mashamba. Wengi husema tatizo la Ladakh ni uhaba wa maji. Mimi naona kilicho haba zaidi ni wakati. Kupanda ni Aprili na Mei, ilhali barafu ya vileleni huanza kuyeyuka kwa wingi Juni. Mkulima akiisubiri, baridi itaiwahi shayiri kabla haijakomaa. Kwa hiyo vijiji vina churpon, mgawa maji, anayesimamia zamu ya kila shamba. Mwezi wa Mei neno lake lina uzito zaidi kuliko urefu wa mfereji wowote.

Mhandisi Chewang Norphel alilielewa hilo. Katika miaka ya 1980 alianza kuyakusanya maji ya mito ya majira ya baridi, ambayo yalipita bure mashamba yakiwa yamelala. Aliyapunguza kasi kwa kuta fupi za mawe, mahali penye kivuli, yakaganda. Barafu hiyo iko chini kuliko ile ya asili, kwenye joto zaidi, hivyo huyeyuka mapema, mbegu inapoyahitaji maji.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba njia hii haiongezi hata tone moja. Ni kweli: huhamisha maji ya Januari yatumike Mei, basi, na barafu ya vileleni ikiisha, njia hii haitaweza kuifidia. Lakini Mei ndiyo inayoamua mavuno. Pingamizi zito zaidi ni la nguvu kazi. Vijana wanafuata ajira jeshini na kwenye utalii, mchele wa ruzuku unapatikana dukani, na mfereji usiozibuliwa tope kila mwaka hufa. Visima vya pampu vinaonekana jibu rahisi, ila huchota akiba ya ardhini bila kumwuliza jirani. Ningependa fedha za miradi zilipe kwanza ujira wa wanaozibua mifereji na wa churpon mwenyewe, ndipo zinunue saruji.