Utitiri wa Misituni: Spishi Mpya Hutambuliwaje? (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilieleza kazi ya utitiri wa udongo, yaani viumbe wadogo, jamaa wa kupe na buibui, ambao hula kuvu na majani yanayooza na hivyo kusaidia kurudisha rutuba ardhini. Kundi lao mashuhuri, Oribatida, lina spishi zaidi ya 10,000 zilizokwisha kuelezwa, na wengi wao hawafikii urefu wa milimita 1.

Ili kuwapata, mtafiti hukusanya majani yaliyoanguka na mboji, akaviweka juu ya chujio ndani ya faneli. Njia hiyo ilibuniwa mwaka 1905 na Mwitaliano Antonio Berlese, kisha Mswidi Albert Tullgren akaiboresha kwa taa ya umeme: majani yanapokauka kuanzia juu, utitiri, ambao hupenda unyevu, hukimbilia chini hadi wakatumbukia katika chupa ya alkoholi. Baadaye huloweshwa katika asidi ya laktiki, ambayo hulainisha mwili na kulifanya gamba lao jeusi lipitishe mwanga wa hadubini.

Hapo mtaalamu huhesabu singa, yaani vinyweleo vigumu vya mgongoni na miguuni, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu uliojengwa na Mfaransa François Grandjean (1882–1975). Huzingatia hasa jozi ya singa za hisia zinazochomoza katika vijishimo vya sehemu ya mbele ya mwili, ambazo kwa spishi moja huwa nyembamba hadi nchani, na kwa nyingine hutuna mfano wa rungu. Kwa kuwa wachanga hutofautiana mno na wazazi wao, maelezo mengi hutegemea wapevu, na tofauti inayoonekana lazima ilinganishwe na spishi zote za jenasi hiyo kabla ya jina jipya kutolewa. Kanuni za kimataifa zinataka pia kielelezo kiteuliwe wazi kuwa rejea ya jina hilo, ili mwenye shaka aweze kukirudia.

Katika miaka ya 1980 Sándor Mahunka wa Hungaria alieleza spishi kadhaa kutoka Tanzania, lakini vielelezo vingi vya Afrika Mashariki vimehifadhiwa Ulaya. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, inastahili wataalamu na makusanyo yake yenyewe, kwa maana spishi isiyo na jina haiingii katika orodha yoyote ya hifadhi, na msitu ukikatwa hupotea bila kuhesabiwa miongoni mwa hasara.

Sehemu ya tatu itaeleza matumizi ya vinasaba katika utambuzi huo.