Boljointi za Noah: Usingoje Zigonge

Noah ikionekana imekwama katikati ya barabara, gurudumu moja la mbele limelala ubavu na bodi imelikalia, mara nyingi boljointi ya chini imechomoka. Dereva atasema imekatika ghafla. Fundi akikiokota kile kichwa cha chuma kilichochomoka ataona mambo mengine: kimelika upande mmoja, kina kutu, hakina hata tone la grisi. Uharibifu huo ni wa miezi mingi. Gari lilikuwa linatoa dalili, ila hakuna aliyeinama kuzitazama.

Nazungumzia Noah kwa sababu familia nyingi za Tanzania na Kenya zinasafiri nayo, na katika mikoa ya kaskazini ya Tanzania imefanywa gari la abiria. Toleo lililotoka Japani mwaka 2001, ambalo magurudumu yake ya mbele ndiyo yanayovuta, limetengenezwa kubeba hadi watu 8. Lilifika kwetu likiwa limeshatumika, likaanza maisha mapya kwenye changarawe, matuta na mashimo.

Mbele ya gari hili kila gurudumu limeshikwa juu na chini. Juu kuna shokapu yenye springi, imefungwa kwa bolti kwenye nako, yaani chuma kinachobeba habu na breki. Chini kuna kono linalotokea chini ya bodi. Kono hupanda na kushuka barabara inapokuwa mbovu, na nako hugeuka kushoto na kulia unapokata usukani. Boljointi ndiyo inayounganisha kono na nako: tufe la chuma lililofungiwa ndani ya kikombe, kama nyonga ya binadamu. Uzito wa gari unapita kwenye shokapu. Boljointi inazuia gurudumu lisitoke nje kwenye kona wala lisirudi nyuma unapofunga breki. Kwa kuwa haibebi uzito huo, inaweza kulika sana na bado ukaendesha bila kusikia chochote.

Uhai wake unategemea kifuniko chake cha mpira. Ndani ya kikombe kuna grisi na bitana ya plastiki ngumu, na boljointi nyingi za siku hizi hazina nipo ya kuongezea grisi. Mpira ukipasuka, maji huosha grisi na vumbi huingia likasaga bitana kila unapogeuza usukani. Kumwambia fundi apake grisi juu ya mpira uliopasuka hakusaidii, maana mchanga umeshaingia. Kwa hiyo mpira uliochanika ni sababu tosha ya kubadilisha, hata kama gari limetulia.

Dalili nyingine huja baadaye. Utasikia mgongano wa chuma, "kong, kong", ukipita matuta polepole, au mlio wa kukwaruza ukigeuza usukani gari likiwa limesimama. Gari litaanza kutangatanga kwenye lami, na tairi kulika upande mmoja. Tatizo ni kwamba linki za stabilaiza (fimbo inayozuia bodi kulala kwenye kona), tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu) na bushi za kono hutoa dalili zinazofanana. Ndiyo maana wengi hununua shokapu mpya na kelele ikabaki palepale. Kabla ya kununua chochote, pima.

Kipimo kinahitaji gari liinuliwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yakiwa yamewekewa vizuizi, na bodi ikikalia stendi, si jeki peke yake. Kwa Noah inua pande zote mbili za mbele kwa pamoja, magurudumu yaning'inie. Ukiinua upande mmoja, stabilaiza inaweza kuficha ulegevu. Ukiweka jeki chini ya kono lenyewe, unaibana boljointi na kujidanganya kuwa ni nzima. Sasa chomeka mtaimbo kati ya kono na nako, upandishe na kushusha taratibu, mwenzako akitazama kwa tochi. Kono na nako vikiachana na kurudiana pale kwenye kiungo, boljointi imekwisha. Kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukipotea, shaka iende kwenye beringi ya habu, ukibaki, rudi kwenye boljointi. Likicheza ukilishika kushoto na kulia, anza na tairodi.

Kubadilisha si kazi ya ajabu, ila ina mahali pa kukosea. Nati za gurudumu zilegezwe gari likiwa bado chini. Gurudumu likitoka, pini ya usalama inang'olewa, na nati ya msumari wa boljointi, yaani ule unaotoka kwenye tufe, inalegezwa bila kutolewa kabisa, ili kono lisiruke likiachia. Msumari huo umechongwa mwembamba kuelekea juu, na umekaza ndani ya nako. Chombo cha kuvutia ndicho bora. Asiyenacho apige nyundo ubavuni mwa tundu la nako, asipige ncha ya msumari. Kisha bolti na nati zinazoshika boljointi kwenye kono zinafunguliwa. Hapo habu isivutwe nje, kwani shafti inaweza kuchomoka kwenye jointi ya ndani, na waya wa ABS au bomba la breki visibebe uzito.

Wakati wa kufunga, tundu la nako lisafishwe likauke, wala lisipakwe grisi, kwa sababu msumari hushikwa na mkazo wa chuma kwa chuma. Nati ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha gari kulingana na kodi ya chesisi. Tundu la pini lisipolingana, kaza zaidi kidogo; usilegeze. Pini iwe mpya. Nati 5 za gurudumu zikazwe kwa mkingamo hadi nyutonimita 103. Halafu gari lipelekwe kwenye alaimenti.

Kuna njia ya mkato ambayo lazima niikatae waziwazi: kuchomelea boljointi iliyolegea, au kuibana upya kwa nyundo. Moto huyeyusha bitana na kuharibu ugumu wa chuma, na nyundo huacha ufa usioonekana. Kelele hunyamaza kwa muda, na mwenye gari huondoka akiamini amepona. Hakuna akiba inayostahili kulipiwa na watoto waliokaa viti vya nyuma.

Dukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, nenda na kodi ya chesisi au boljointi ya zamani. Chapa zinazoaminika, kama 555 ya Japani, ndizo zinazoigwa. Shika msumari uuzungushe kwa vidole: mpya huwa mzito kuzungusha lakini huenda sawasawa, haukwami wala haulegei. Mpira uwe mnene na maandishi yawe wazi. Upande wa pili umepita mashimo yaleyale, hivyo upimwe siku hiyohiyo, na ukiwa na shaka badilisha zote mbili.

Kila unapomwaga oili gari liko juu tayari. Mwambie fundi amulike mipira miwili ya boljointi na kuingiza mtaimbo, nawe usimame uangalie. Akikuta mpira umechanika, nunua spea wiki hiyo. Akikuta mchezo, usifunge safari hata kama gari halitoi sauti.