Mlango wa gari la shule unapogoma kufunga

Mzazi, kesho asubuhi mwanao akipanda Hiace ya shule, sikiliza mlango. Ukivutwa mara mbili tatu ndipo ubamizwe kwa nguvu, vidole vya watoto viko hatarini.

Mara nyingi kinachougomesha ni mchanga kwenye reli au magurudumu madogo yaliyochakaa. Baadhi ya madereva hupaka grisi juu ya uchafu. Vumbi linanasa, na baada ya siku chache mlango unagoma tena. Reli ifutwe kwanza, ndipo ilainishwe kidogo. Gurudumu lililochakaa dawa yake ni kubadilishwa tu.

Kipandio nacho kiangaliwe: kutu, bati lililonyanyuka, mpira uliolika hadi kuwa laini. Siku ya mvua mpira huo huteleza kama sabuni. Na mtoto wa chekechea hushika ukingo wa mlango kwa sababu hafikii kishikio, kwa hiyo afunge matroni, tena baada ya kuona mikono yote iko ndani.

Kidole kikibanwa, kipoze kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10, mkono ukiwa juu. Kikipinda, ukucha ukitoka mahali pake au damu isipokoma, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mfupa ulio chini ya ukucha wa mtoto bado unakua. Ukivunjika na kidonda kikapuuzwa, unaweza kupata maambukizi na kidole kikakua kimepinda.

Shule ikikujibu kwamba gari limepita ukaguzi, uliza reli ilisafishwa lini.