Jani la Ngapi Limeugua?

Mgomba ukishatoa mkungu hauchipuzi jani jingine. Majani yaliyopo siku ua linapochomoza ndiyo yatakayozilisha ndizi hadi zikomae, na kila linalokauka mapema linazipunguzia unene. Ndiyo maana ugonjwa wa sigatoka nyeusi unaumiza sana familia zinazoishi kwa ndizi, ingawa unashambulia majani tu.

Kuvu inayoleta ugonjwa huu ilitambuliwa Fiji mwaka 1963. Mwaka 1987 ilionekana Pemba, ikaenea pwani ya Tanzania na Kenya, kisha ikafika Kagera na Uganda. Spora zake husafiri na upepo na kuota juu ya jani lililolowa. Ukiligeuza jani utaona kwanza vijistari vya rangi ya kutu, vyembamba mno, upande wa chini. Baadaye vinakuwa vyeusi, vinaungana, na katikati ya doa panakauka na kugeuka kijivu. Mashamba makubwa ya Amerika ya Kati hupulizia dawa mara nyingi kila mwaka. Mkulima wa Bukoba, mkoani Kagera, hawezi kumudu gharama hiyo, na kwa kuwa migomba yake imeizunguka nyumba, dawa ingewaangukia watoto wake. Kinga anayoihitaji ni ile iliyomo ndani ya mgomba wenyewe.

Kuipata ni kazi ngumu. Ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki huugua, na nyingi hazitoi mbegu. Watafiti wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walizipata chache zinazoweza kutoa mbegu, wakazichavusha kwa chavua ya mgomba wa mwituni uitwao Calcutta 4, wenye ndizi ndogo zilizojaa mbegu lakini majani imara. Mkungu mzima unaweza kutoa mbegu chache tu, au usitoe hata moja. Kiinitete hutolewa kwenye mbegu kwa uangalifu na kukuzwa maabara. Vizazi vilivyofuata vilileta mahuluti yanayoitwa NARITA.

Kisha huja uchujaji wa mahuluti hayo, shambani, bila kupulizia dawa. Jani la juu kabisa lililokwisha kufunguka ni la kwanza. Mtafiti anahesabu kushuka chini mpaka afike jani la kwanza lenye madoa kumi au zaidi yaliyokauka katikati. Likiwa la tano, mgomba huo ni dhaifu. Asipolikuta hadi la kumi, kuna matumaini. Hesabu hufanywa mgomba unapotoa ua na hurudiwa siku ya kuvuna, kisha kwa machipukizi yanayofuata, na katika maeneo zaidi ya moja, maana kwenye baridi ya milimani ugonjwa hupungua makali na aina dhaifu inaweza kuonekana hodari. Kwangu hesabu ya siku ya kuvuna ndiyo yenye uzito zaidi: ndiyo inayoonyesha kama mkungu ulilishwa hadi mwisho.

Lakini jani safi peke yake halitoshi. Miaka ya 1990 aina za kituo cha utafiti cha FHIA cha Honduras zililetwa Kagera. Zilizaa mikungu mikubwa, ila zikipikwa wengi hawakuridhika na ladha, na nyingi zikaishia kwenye pombe au kuliwa mbivu. Kwa hiyo sasa mahuluti huchemshwa na kuonjwa na wakulima kabla ya kuidhinishwa. Kati ya mahuluti hayo, Uganda ilitoa Kabana 6H mwaka 2010, na Tanzania ikaidhinisha TARIBAN 1 hadi 4 mwaka 2021.

Kuvu nayo haitulii. Huzaliana kwa kuchanganya vinasaba, kwa hiyo aina mpya zake hujitokeza. Yangambi Km 5, mgomba wa Kongo uliosifika kwa kinga yake, ulikuja kuugua katika Visiwa vya Cook na baadaye Kameruni. Kwa sababu hiyo TARIBAN zilizoko vijijini leo zinapaswa kuendelea kuhesabiwa majani, na bajeti ya kazi hiyo itengwe tangu siku aina inapokabidhiwa kwa wakulima.