Popi Anakula Krismasi

Paukwa! Pakawa! Haya, sogeeni.

Huko Marangu, mteremkoni mwa Kilimanjaro, aliishi mbwa mmoja akiitwa Popi. Mwaka mzima alikula ugali na dagaa, na tumbo lake likatulia. Ikafika Krismasi. Si mnawajua Wachaga na Krismasi? Ukoo mzima ulipanda kutoka Dar es Salaam, mbuzi wa ndafu akachomwa, na kila mgeni akamwonea Popi huruma. Mjomba akamtupia mafuta. Shangazi akampa mifupa. Watoto nao wakammiminia pilau lililobaki, vitunguu tele. Hakuna aliyemuuliza mwenzake umempa nini.

Usiku Popi akatapika. Kulipokucha alikuwa anaharisha, amejilaza nyuma ya banda, hata kutikisa mkia hataki.

Ndugu zangu, tumbo la mbwa huzoea chakula chake, na ukimbadilishia ghafla linavurugika. Mafuta mengi ndiyo mabaya hasa, maana yanaweza kuvimbisha kongosho, kiungo kinachotoa maji ya kusaga mafuta, na maumivu yake ni makali. Kitunguu, hata kikiiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha za kutoboa utumbo. Zabibu humharibia figo, na chokoleti ni sumu kwake. Wema wote ule wa wageni, kumbe!

Kijana mmoja akakimbilia parasetamoli. Bibi akamdaka mkono. "Rudisha! Hiyo inaweza kumuua."

Bibi hakuwa na papara. Popi ni mbwa mkubwa, katapika mara mbili tu, hana damu kwenye choo. Akamvuta ngozi ya mabegani kisha akaiachia, nayo ikarudi upesi; ingebaki imesimama, angejua mwili umekaukiwa maji. Akamnyima chakula mpaka jioni, ila maji alimpa, tena kidogo kidogo, kwa sababu mbwa mgonjwa akigugumia bakuli zima hulitapika lote. Jioni akampikia wali laini na kuku wa kuchemsha, bila ngozi, mifupa, chumvi wala kitunguu. Alimpa viganja vichache, akangoja, akampa tena. Siku ya tatu Popi alirudia ugali wake, ukichanganywa taratibu na ule wali.

Lakini msimwige Bibi kwa kila mbwa. Mtoto wa mbwa hafungishwi njaa, nguvu zake huisha haraka mno. Tena watoto wa mbwa wana adui aitwaye parvo, kirusi kilichojulikana duniani mwaka 1978. Huleta kutapika na kuharisha damu yenye harufu mbaya, huua kwa siku chache, na hukaa udongoni miezi mingi. Chanjo ipo, na huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8. Mbwa yeyote anayetoa damu, anayetapika bila kukoma, aliyevimba tumbo au ambaye hajapata nafuu baada ya siku moja, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, wala msimngoje Bibi.

Na mkishasafisha pale alipoharishia, naweni mikono kwa sabuni. Minyoo ya mbwa huacha mayai udongoni, na mayai hayo huwaingia watoto kupitia mdomoni.