Kuhamisha seva: tusiuziwe lumbesa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limo ndani ya seva, na likihamishwa ovyo mwenye mali ndiye wa mwisho kujua.

Mwezi uliopita nilikuwa Mau Narok, kule juu Nakuru kwenye baridi, viazi na ngano. Kikundi cha wakulima kiliposikia nina diploma ya kompyuta, kikaniomba ushauri. Wanataka kutoa hesabu zao kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini na kuzipeleka kwenye seva ya kukodi Nairobi. Muuzaji amewaambia neno moja tu: "Ina kasi sana."

Nikawaambia hiyo ni lumbesa. Neno hilo wanalijua: sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini mnunuzi hulishonea nundu juu akalipa bei ileile. Dawa ya lumbesa ni mizani, na seva nayo ina mizani yake.

Kwanza, muda wa kujibu: ukibonyeza, jibu linarudi baada ya muda gani? Hapa umbali una hesabu yake. M-Pesa ilianza 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Zililetwa Kenya 2015. Kabla ya hapo, ombi la mtu wa Likoni kumtumia jirani yake pesa lilivuka bahari kwenda na kurudi.

Wala usikubali kuonyeshwa wastani peke yake. Tuseme malipo 95 kati ya 100 yanajibiwa kwa sekunde 0.2, na matano yanachukua sekunde 20. Wastani ni kama sekunde 1.2, na muuzaji atajisifu. Lakini wakulima watano wamesimama kando ya lori hawajui kama wamelipwa. Uliza yale ya polepole yanachukua muda gani.

Pili, kiasi cha kazi kwa sekunde. Pima siku ya mavuno, malori yakiwa yamepanga foleni, usipime Jumapili asubuhi ofisi ikiwa imefungwa. Siku hiyohiyo tazama pia kichakataji na kumbukumbu ya mashine zimejaa kiasi gani.

Tatu, diski. Watu huuliza inabeba kiasi gani, wakasahau kuuliza inasoma na kuandika mara ngapi kwa sekunde. Diski ya kuzunguka, ikitafuta vitu vilivyotawanyika, hufanya kama mara 100 hivi kwa sekunde. Ile isiyozunguka hufika maelfu mengi. Diski mbili zinaweza kuwa na ukubwa sawa, na kazi zao zikawa mbali kama mtumbwi na meli.

Nne, muda wa kuhama wenyewe. Gigabaiti 500 kwenye intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku nne na nusu, bila kukatika hata mara moja. Pengine ni nafuu kuzibeba kwenye diski kwa matatu. Amueni mapema kazi itasimama saa ngapi, na mtarudi vipi kwenye mashine ya zamani mambo yakiharibika.

La msingi ni kwamba vipimo hivi vyote vichukuliwe kwanza kwenye mashine ya zamani, wiki mbili tatu kabla ya kuhama, na viandikwe. Bila hivyo, ukihamia kwenye mpya utajuaje kama umepanda au umeshuka? Kisha ziendesheni zote mbili sambamba kwa muda, mkilinganisha idadi ya rekodi na jumla ya pesa, shilingi kwa shilingi.

Ndugu msomaji, huku kwetu nako kuna SACCO, zahanati na madrasa zinazohamisha kumbukumbu zao. Pesa za watu ni amana. Mkataba uandikwe kwa namba, na asiyetaka kupimwa asipewe kazi.