Je, Wajua? Kutoka Suna hadi Rusinga kwa Gari na Kamera

Je, wajua kwamba madereva wengi wanaokata Suna, mjini Migori, mbio kuelekea mpaka wa Isebania wanaliacha Eneo la Urithi wa Dunia bila kugeuza shingo? Ni ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga, iliyo kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2018.

Je, wajua kwamba ngome hiyo, inayokadiriwa kujengwa karne ya 16, haina saruji wala tope la kugandisha mawe? Safu moja ya mawe ilipangwa upande wa nje, nyingine upande wa ndani, kisha pengo la katikati likashindiliwa mawe madogo. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na bado zimesimama. Ndiyo maana nasisitiza: usipande ukutani kutafuta picha. Jiwe moja likichomoka, jirani zake hulegea. Fika mapema asubuhi au ngoja saa kumi na moja jioni, jua la ubavuni lionyeshe kila jiwe na kivuli chake. Na usikose milango: ni mifupi na myembamba, adui aliyeingia ilimbidi ainame kwanza.

Wajua kwamba kusini mwa Nyanza kuna maeneo mengine zaidi ya 100 yenye mabaki ya ngome za namna hii? Mengi yamo katikati ya mashamba ya watu, basi piga hodi kabla ya kupiga picha.

Je, wajua ni wapi pekee nchini Kenya utampata korongo, swala mkubwa mwenye uso wa rangi nyeusi na nyeupe, akiishi porini? Ni Mbuga ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, eneo la kilomita za mraba 120. Kati ya Aprili na Septemba hufika pia mbayuwayu wa buluu kutoka kusini mwa Afrika. Mbung'o nao wapo, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Vaa kaki. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa bondeni hunasa hata gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Wajua kwamba Ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, limekaa katika shimo la volkano? Wenyeji husimulia kwamba kijiji kizima kilizama hapo baada ya kumnyima bibi kizee hifadhi usiku. Maji ni ya kijani, yana magadi, na heroe huja kula humo. Simama juu ya ukingo; picha ya chini haionyeshi umbo la duara.

Na Nyayanga, katika rasi ya Homa? Mwaka 2023 watafiti walitangaza zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko waliokatwa nyama kwa zana hizo. Kwangu mimi, hakuna mlima nchini Kenya unaostahili picha ya heshima kuliko Mlima Homa, ukijua waliokula chini yake.

Je, wajua kwamba kisiwani Rusinga, mwaka 1948, mwanaakiolojia Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita? Kisiwani hapo hapo ndipo alipozikwa mwanasiasa Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo la kaburi lake limechongoka kama risasi. Ingia, usiishie kulipiga picha kwa nje.

Wajua kwamba kutoka Mbita, mji ulio mkabala na Rusinga, unaweza kupanda boti hadi kisiwa cha Mfangano, kuona michoro ya duara nyekundu na nyeupe katika miamba ya Kwitone na Mawanga? Inahusishwa na wawindaji wa Kitwa. Zima taa ya kamera, na usiimwagie maji eti rangi ikolee.

Wajua kwamba huhitaji kurudi ulikotoka? Feri ya Mbita huvusha magari hadi Luanda Kotieno, upande wa Siaya.